DJ wa kikundi ana haki gani? Jibu kwa msomaji kuhusu Spinderella

“Nina umri wa miaka 23 na ninaishi Arusha. Ni DJ wa sherehe na kumbi ndogo, na muziki ninaoupenda kuliko wote ni hip hop. Wasichana wawili wanaochana wameniomba niwe DJ wao wa kudumu. Jina wanalo, prodyuza wanaye, na nyimbo zao mbili zimeanza kupigwa redioni. Wanasema nitalipwa kwa kila shoo, na kwamba ‘tukitoka tutagawana’. Kaka yangu ananiambia nisijidanganye, kwa sababu DJ wa kikundi ni pambo tu na siku yoyote flashi inaweza kuchukua nafasi yake. Mimi humtazama Spinderella wa Salt-N-Pepa, kikundi cha wanawake cha hip hop cha Marekani, aliyeanzisha kikundi kile na kuwa DJ wa kwanza wa kike katika hip hop. Lakini nimesoma kwamba mwaka 2019 aliondolewa baada ya miaka zaidi ya 30. Inawezekanaje mtu aondolewe katika kikundi chake mwenyewe? Alikuwa DJ kweli, au alikuwa pambo kama asemavyo kaka yangu? Na mimi nijiunge na hawa wenzangu au nibaki peke yangu?”

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako kwa makini, na ninavyoona, maswali yako yote yanatokana na hofu moja: kwamba unaweza kuutoa ujana wako wote katika kazi ambayo watu wanaipigia makofi, kisha siku moja ukaambiwa kwamba haikuwa yako. Hofu hiyo ina msingi, na sitajaribu kukupoza kwa maneno matamu. Naanza na jibu fupi ili usome yanayofuata bila wasiwasi. Spinderella alikuwa DJ kweli. Kuwa DJ kweli, hata kwa miaka mingi, hakumpi mtu umiliki wa kikundi. Wewe unaweza kujiunga na wenzako hao, na pengine ni jambo zuri, lakini si kwa ahadi ya “tukitoka tutagawana”.

Kwanza nisahihishe mambo mawili uliyoyaandika, kwa sababu hayo ndiyo yanayoifanya habari ya mwaka 2019 ionekane kama fumbo. Spinderella, ambaye jina lake ni Deidra Roper, hakuianzisha Salt-N-Pepa. Kikundi kile kilianzia Queens, New York, mwaka 1985, pale Cheryl James (Salt) na Sandra Denton (Pepa), wanachuo waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Sears, waliporekodi wimbo “The Showstopper” kwa ajili ya kazi ya masomo ya mfanyakazi mwenzao, Hurby Azor. Wimbo huo ulikuwa jibu kwa “The Show” ya Doug E. Fresh na Slick Rick, na waliutoa wakijiita Super Nature. Azor akawa prodyuza wao, meneja wao na mtunzi wa sehemu kubwa ya nyimbo zao za mwanzo. Albamu ya kwanza, Hot, Cool & Vicious, ilitoka mwaka 1986 chini ya lebo ya Next Plateau, na DJ aliyekuwapo wakati huo alikuwa Latoya Hanson, ambaye naye alitumia jina la Spinderella. Roper, msichana wa Brooklyn, aliingia mwaka 1987 akiwa na umri wa miaka 16, bado mwanafunzi wa sekondari. Nafasi ilikuwapo kabla yake, na hata jina la jukwaani lilikuwapo kabla yake. Alikuwa mgeni aliyepokelewa katika nyumba iliyokwisha kuezekwa. Akaishi humo, akaipamba, akaifanya ijulikane dunia nzima, lakini hati ya kiwanja ilikuwa imeandikwa kabla hajabisha hodi.

La pili, hakuwa mwanamke wa kwanza kushika santuri katika hip hop. Wanda Dee wa Bronx, New York, alikuwa akipiga muziki tangu miaka ya mwanzo ya utamaduni huo, na anaonekana katika filamu ya Beat Street ya mwaka 1984. Jazzy Joyce, naye wa Bronx, alitoa “It’s My Beat” pamoja na mchanaji Sweet Tee mwaka 1986, na katika rekodi ile jina la DJ limeandikwa sambamba na jina la mchanaji. Hata ile sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973 katika jengo la 1520 Sedgwick Avenue, hukohuko Bronx, ambayo wengi huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip hop, iliandaliwa na msichana, Cindy Campbell, aliyetaka fedha za kununulia nguo za shule. Kaka yake, Kool Herc, ndiye aliyekuwa kwenye mashine. Nakueleza haya kwa sababu unapaswa kujua kwamba hujaingia ugenini. Sifa ya Spinderella ni nyingine, nayo ni kubwa vilevile: kupitia yeye, mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kufika Bronx walimzoea mwanamke aliyesimama nyuma ya mashine, wala hawakuona ajabu.

Sasa nije kwenye neno “pambo”, ambalo naona limekuumiza. Kaka yako anatazama jukwaa na kuona watu wawili wanaotoa sauti na mmoja anayeinamia meza. Asichokiona ni kwamba kazi ya huyo wa tatu ndiyo mzizi wa muziki wenyewe. Herc alikuwa na santuri mbili zinazofanana, akagundua kwamba wacheza dansi husubiri kile kipande ambacho waimbaji hunyamaza na ngoma hubaki peke yake. Akakirefusha kwa kuhama kutoka santuri moja kwenda nyingine. Grandmaster Flash akaifanya kazi hiyo iwe ya uhakika zaidi: aliziwekea santuri alama kwa kalamu ya nta ili ajue ni mizunguko mingapi airudishe nyuma kabla ya kipande kuanza upya, na akasikiliza santuri ya pili kwa kisikizio kabla ya kuwaachia watu. Grand Wizzard Theodore, akiwa bado kijana mdogo, akaleta kule kukwaruza santuri kwa kuisukuma na kuivuta chini ya sindano, jambo ambalo ninyi vijana huliita kuskrachi.

Mashine yenyewe ilichangia. Technics SL-1200MK2, mashine ya kuchezea santuri iliyotoka mwaka 1979, haizungushwi kwa mkanda, bali mota yake imeungana moja kwa moja na sahani. Ndiyo maana ukiishika santuri na kuiachia, inarudi kwenye kasi yake karibu papo hapo. Juu ya sahani DJ huweka kitambaa laini ili santuri iteleze bila kuisimamisha mota, na pembeni kuna kidhibiti cha kasi kinachoweza kuongeza au kupunguza hadi asilimia 8, ili nyimbo mbili zenye mwendo tofauti zitembee pamoja. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachohitaji misuli ya kiume. Kinachohitajika ni sikio, kumbukumbu ya mkono, na utulivu wa kutotetemeka pale sindano inaporuka mbele ya umati.

Spinderella alifanya kazi hiyo katika wakati ambao wachanaji wengi hawakuwa na bendi nyuma yao. Katika shoo za namna ile, DJ ndiye anayeanza na ndiye anayekata. Huwatazama wenzake midomo na mabega ili ajue nani ameishiwa pumzi, husogeza kipande mbele mchanaji anaporuka mstari, na huujaza ukimya wakati wenzake wanapobadilisha nguo. Albamu ya pili ya kikundi, ya mwaka 1988, ina wimbo mzima unaomhusu yeye, “Spinderella’s Not a Fella (But a Girl DJ)”, na kadiri miaka ilivyokwenda alishika maiki na kuchana yeye mwenyewe. Tarehe 11 Juni 1988 kikundi kilipanda jukwaa la Wembley, London, katika tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya kuzaliwa kwa Nelson Mandela, aliyekuwa bado gerezani, na baada ya hapo wimbo wao “Push It” ukafika nafasi ya pili katika chati ya Uingereza. Albamu ya Very Necessary ya mwaka 1993 iliuza zaidi ya nakala milioni 5 Marekani pekee, na mwaka 1995 wimbo “None of Your Business” ukawapa tuzo ya Grammy ya kikundi bora cha rap. Mtu haibebi kazi ya uzito huo miaka yote ile kwa kuwa pambo.

Ikiwa alikuwa wa lazima kiasi hicho, kwa nini nafasi yake ilikuwa dhaifu? Hapa naomba usome polepole, maana ndipo lilipo jibu la swali lako la msingi.

Katika miaka ya 1970, mwenye hip hop alikuwa DJ. Vyombo vilikuwa vyake, santuri zilikuwa zake, watu walikuja kwa jina lake, na wachanaji walikuwa wasaidizi wa kuwachangamsha watu wakati yeye akifanya kazi. Mali yenyewe ilikuwa usiku ule mmoja, na aliyeutawala usiku ndiye aliyepokea fedha za mlangoni. Mwaka 1979 “Rapper’s Delight” ya kikundi cha Sugarhill Gang ilipotoka, mali ikahama. Katika rekodi ile mdundo wa “Good Times” ya Chic haukupigwa na DJ, bali ulirudiwa na wanamuziki studioni, na kilichouzwa kilikuwa sauti za wachanaji. Tangu hapo kitu cha thamani kikawa santuri inayouzwa dukani, na sheria inayolinda santuri hiyo inamtambua aliyetunga na aliyetia saini mkataba. Aliyeutawala ukumbi haimjui.

Usidhani kwamba hili liliwapata wanawake tu. Grandmaster Flash, ambaye jina lake ndilo lililokuwa mbele ya kikundi chake, hasikiki katika “The Message” ya mwaka 1982, wimbo unaotajwa kila mahali pamoja na jina lake. Waliochana ni Melle Mel na Duke Bootee. Mwaka uliofuata akaishtaki lebo yake kuhusu mirabaha, yaani malipo ya mauzo na matumizi ya kazi, na kuhusu jina. Hata hivyo wako ma-DJ waliolinda nafasi yao tangu mwanzo kwa kuweka majina yao juu ya jalada: Eric B. & Rakim, DJ Jazzy Jeff & The Fresh Prince. Sasa rudi ulitazame jina la kikundi cha Spinderella. Lina watu wawili. Binafsi naamini kwamba mtu yeyote anayeombwa kujiunga na kikundi anapaswa kuanza hapo, kabla hajauliza atalipwa kiasi gani.

Nikueleze sasa jinsi fedha zinavyotembea, kwa kuwa wasanii wengi huingia mikataba bila kulijua jambo hili. Wimbo uliorekodiwa ni mali mbili zilizokaa pamoja. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe, hata kama haujaimbwa na mtu. Ya pili ni rekodi, ambayo watu wa studio huiita masta, yaani sauti zilizonaswa siku ile mahali pale. Kila mali ina mwenyewe, na mara nyingi si mtu mmoja. “Push It” imeandikwa kwa jina la Hurby Azor, na pamoja naye ametajwa Ray Davies wa bendi ya The Kinks ya Uingereza, kwa sababu maneno machache yalitoka katika wimbo wake wa miaka ya 1960. Wimbo wao mwingine, “Whatta Man”, umejengwa juu ya wimbo ulioimbwa na Linda Lyndell mwaka 1968 na kutungwa na Dave Crawford, kwa hiyo mtunzi yule anayo sehemu yake. Fikiria maana yake: mtu ambaye hakuwapo studioni ana fungu katika utunzi, ilhali aliyeupiga wimbo ule jukwaani usiku baada ya usiku hana fungu la utunzi kwa sababu ya kuupiga tu. Sheria hailipi jasho, inalipa kile kilichoandikwa. Mimi huona kwamba hapo sheria imewanyima ma-DJ haki yao, na nitaendelea kusema hivyo, lakini ushauri wangu kwako lazima uanzie pale sheria ilipo leo.

Kuna mlango mwingine wa fedha. Nchini Marekani redio za kawaida hulipia utunzi peke yake. Aliyeimba au aliyepiga chombo katika rekodi halipwi wimbo unapopigwa hewani. Matangazo ya kidijitali yana utaratibu wake: fedha hupitia shirika la SoundExchange, nusu ikaenda kwa mwenye masta, asilimia 45 kwa wasanii wakuu wa rekodi, na asilimia 5 kwa waliosaidia, kama wapiga vyombo na waitikiaji. Unaona tofauti iliyopo kati ya kuhesabiwa msanii mkuu na kuhesabiwa msaidizi. DJ anaweza kuwa upande wowote kati ya hizo mbili, na kinachoamua ni karatasi. Fedha za shoo nazo hufuata mkataba wa kikundi, na haki ya kulitumia jina la kikundi ni ya yule anayelimiliki kisheria kama alama ya biashara.

Ukishayafahamu haya, mambo ya 2019 hayatakuwa fumbo tena. Mwezi Machi mwaka huo Spinderella alitangaza hadharani kwamba alikuwa amepelekewa taarifa ya kuondolewa mwezi Januari, na kwamba hatashiriki katika ziara ya majira yale. Mwezi Julai alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko Texas dhidi ya James na Denton, akidai mirabaha ambayo kwa maelezo yake alinyimwa, pamoja na kulalamikia matumizi ya jina na sura yake. Wenzake walipinga madai hayo. Sitamhukumu yeyote kati yao, kwa sababu watu waliokua pamoja tangu ujana wana mengi yasiyoingia katika majalada ya mahakama. Kinachokuhusu wewe ni aina ya mabishano yenyewe: nani aliahidiwa nini, kwa asilimia ngapi, katika rekodi zipi, na jina ni la nani. Maswali hayo hujibiwa kwa dakika chache watu wanapopendana na bado hawana fedha, lakini yakiachwa kwa miongo mitatu huhitaji mawakili.

Niongeze kwamba hadithi yake haikuishia hapo. Mwezi Novemba 2025, Salt-N-Pepa walipoingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la Marekani la kuwaenzi wanamuziki, kwa heshima ya ushawishi wao katika muziki, Spinderella alikuwa jukwaani pamoja nao, akitambuliwa kama sehemu ya kikundi. Nililifurahia sana jambo hilo. Lakini elewa vizuri kwamba heshima na umiliki ni vitu viwili, na kupata kimoja hakukuletei kingine.

Kuhusu uamuzi wako, una njia tatu, na kila moja ina uzuri na gharama yake.

Unaweza kujiunga kama DJ wa kukodiwa. Hapo unalipwa kwa kila shoo, na ikiisha huna deni nao wala hawana deni nawe. Watu huidharau njia hii, nami sioni sababu ya kuidharau, mradi malipo yajulikane kabla ya safari, nauli na chakula visitoke mfukoni mwako, na uwe huru kupiga kazi zako nyingine. Hatari yake ni ile ya kukaa miaka mitano ukiitwa “mwenzetu” mbele ya watu huku ukilipwa kama kibarua. Ukikubali kuwa wa kukodiwa, lipwa kama wa kukodiwa, na usitoe bure vitu vya mwenye kikundi: mawazo ya midundo, usiku wa studioni, picha zako kwenye matangazo.

Unaweza kujiunga kama mbia. Kwa hali uliyoieleza, hapa ndipo pagumu zaidi, kwa kuwa jina, prodyuza na nyimbo mbili vimekutangulia, na si haki kudai fungu katika nyimbo ambazo hukushiriki. Unachoweza kuomba kwa haki ni fungu katika yale yatakayotengenezwa baada ya wewe kuingia. Ongeeni mapema kuhusu asilimia yako katika malipo ya shoo, na kuhusu nyimbo zitakazorekodiwa nawe ukiwamo. Ukikwaruza santuri katika rekodi, wewe ni mtumbuizaji katika rekodi hiyo na jina lako liandikwe. Ukitengeneza mdundo au sehemu ya melodi, wewe ni mmoja wa watunzi. Mgawanyo wa kila wimbo uandikwe na kutiwa saini siku ileile ya kurekodi, kabla watu hawajaondoka studioni, maana baada ya wimbo kupendwa kila mtu hukumbuka tofauti. Makubaliano yaseme pia kwamba jina lako la u-DJ ni lako na utaondoka nalo, na yaeleze kitakachotokea mmoja akiondoka: ataarifiwe muda gani kabla, ataendelea kulipwa kwa rekodi zipi, na picha zake zitatumika hadi lini. Najua kwamba kuzungumza habari za kuachana wakati mnaanza kupendana kunaonekana kama kuita mkosi. Zungumzeni hivyo hivyo. Wenzako wakikasirika kwa sababu tu umeuliza, utakuwa umepata taarifa muhimu kabla ya kupoteza lolote.

Njia ya tatu ni kubaki peke yako, lakini nafikiri umeiweka vibaya ulipoifanya kinyume cha kujiunga. Ma-DJ wa kike waliodumu wengi wao walifanya yote mawili. Spinderella alikuwa na kipindi chake cha redio, The BackSpin, na akaendelea kualikwa kupiga muziki kwa jina lake mwenyewe, na kwa hiyo alipoondolewa katika kikundi hakuondolewa katika kazi. Pam the Funkstress wa Oakland, California, alikuwa DJ wa kikundi cha The Coup tangu miaka ya mwanzo ya 1990, akaendesha pia biashara ya upishi, na mwaka 2016 mwanamuziki Prince mwenyewe akamchagua kuwa DJ wake. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na heshima ambayo haikutegemea kikundi peke yake. Kuttin Kandi wa Queens alipita njia ya mashindano, akafika fainali za Marekani za DMC, mashindano ya ma-DJ, mwaka 1998, mahali ambapo wanaume walikuwa wamejizoea wenyewe kwa wenyewe. Ushauri wangu ni kwamba uingie kwa mkataba mfupi, tuseme wa mwaka mmoja, huku ukiendelea kupiga kazi zako binafsi angalau kiasi cha kuweza kujikimu bila wao.

Kaka yako naye nimpe haki yake. Zipo shoo, hasa za televisheni, ambapo muziki wote hutoka katika rekodi na DJ huwekwa kwa ajili ya picha. Jambo hilo si geni: mwishoni mwa miaka ya 1980 vikundi kadhaa vya Marekani vilianza kutumia kanda za kidijitali jukwaani kwa sababu kanda hairuki kama sindano. Mahali pa namna hiyo flashi inatosha kweli, na ukikubali kufanya kazi za aina hiyo peke yake utakuwa umemthibitishia kwamba yuko sahihi. Kwa hiyo jenga shoo ambayo haiwezekani bila wewe. Tengeneza utangulizi wako, badilisha mdundo chini ya mistari ambayo watu wameizoea, weka dakika zako mwenyewe katikati ya onyesho, jifunze kuwarudisha wachanaji wako wanapopotea. Huhitaji mashine ghali kwa kuanzia. Kontrola ndogo, yaani kifaa cha DJ kinachounganishwa na kompyuta, na kompyuta yenyewe vinaweza kukufundisha mengi, ingawa ningependa siku moja upate nafasi ya kushika santuri halisi, kwa sababu mkono hujifunza humo kitu ambacho kioo hakikifundishi.

Kuna mahali ambapo jibu la kuandikwa haliwezi kukusaidia, na hapo tafadhali nenda ukaonane na mtu ana kwa ana. Ukiletewa mkataba wowote wenye maneno kama “milele”, “pekee” au “haki zote”, usiutie saini siku hiyo, hata kama gari linasubiri nje. Mpelekee wakili, na kama huna uwezo wa kumlipa, wapo watoa huduma za msaada wa kisheria wanaotambuliwa na sheria, na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, huwahudumia wanawake. Kwa masuala ya usajili wa kazi zako na haki zako kama mtumbuizaji, ambazo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, waone COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Ukitaka kulinda jina lako la u-DJ kama alama ya biashara, BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ndiko kunakosajiliwa. Na ikiwa umeshaanza kutumbuiza nao kwa makubaliano ya mdomo, makubaliano hayo si batili kwa sababu tu hayakuandikwa, ila kuyathibitisha ni kazi ngumu. Kwa hiyo hifadhi ujumbe wote wa simu, risiti za malipo, mabango ya shoo yenye jina lako na orodha ya tarehe ulizopiga, uvibebe vyote siku utakapokwenda kumwona wakili.

Kabla ya hayo yote, waite wenzako hao wawili mkae chini, wewe na wao tu, prodyuza asiwepo. Waulize “tukitoka” maana yake ni nini, na “tutagawana” ni mafungu mangapi. Andikeni majibu yao mbele yao, kwa lugha yenu ya kawaida, wote mtie saini na tarehe, kila mmoja abaki na nakala. Karatasi hiyo moja ndiyo wakili atakayoanza nayo.